Mtoto Mwenyekiti

Jina la nchi yetu msiniulize, nina familia. Itoshe kusema kwamba ipo, ina wimbo, ina bendera, na ina uwanja wa ndege kule nyanda za juu ambako nimekuwa karani kwa miaka kumi na tisa, dirisha namba mbili. Dirisha namba moja halijawahi kufunguliwa. Linasubiri mgeni rasmi.

Kwanza niwaeleze habari ya viti, la sivyo mtatuona wapumbavu, na wapumbavu hatujawa rasmi. Sisi ni watu wa kupenda viti. Kwingine mtu akitaka kumjua mwenzake huuliza anafanya kazi gani; kwetu tunauliza, "Ana kiti wapi?" Mtu akipata kiti tunamchinjia mbuzi. Akikipoteza tunaacha kumsalimia. Akikikalia miaka thelathini tunasema maskini, bado hajakizoea, aongezewe muda. Nimeshamwona kwa macho yangu mbunge mzima akibubujikwa na machozi kwa sababu walimbadilishia kiti cha ofisini bila kumwita aagane nacho.

Na juu ya viti vyote kipo Kiti, na aliyekikalia ni Mwenyekiti wa Maisha, ambaye jina lake kamili huchukua dakika nne kulitaja, nami nina foleni. Sheria Namba Moja inasema mwenyekiti nchini ni mmoja tu. Kwa hiyo kwetu hata kamati ya harusi haina mwenyekiti, ina "msimamizi wa waliokaa". Kwaya ina "anayetangulia kukaa". Jirani yangu mmoja alijisahau kwenye kikao cha shule, akasema "namshukuru mwenyekiti" huku akimtazama mwalimu mkuu. Alikuwa mtu mzuri sana, Mungu amlaze pema.

Sasa, siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi. Akaja dirishani kwangu mama mmoja anaitwa Zawena Kilindo. Ubavuni amembeba mtoto wa kiume wa miezi kumi na moja, Faraji, na mkono wa pili ameshika kiti kidogo cha plastiki cha bluu, chenye sponji ndani na mikanda inayokutana tumboni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mama. Hicho nini tena?"

"Kiti cha mtoto. Nakwenda mji mkuu kumpeleka kwa bibi yake akamwone. Tiketi ni mbili, yangu na yake. Naomba tukae dirishani nikifunge."

Nikacheka, si kwa ubaya. Nikamwambia, "Mama, watoto wetu hupakatwa. Sheria inaruhusu, mila inaruhusu, na mapaja unayo. Kiti cha nini?"

Hakucheka. Akamhamishia mtoto ubavu wa pili, akaniambia, "Kaka, mimi nimekuwa mhudumu wa ndege miaka sita, njia hii hii. Mwaka juzi tulikuwa juu ya milima ya Kirungu, ndege ikashuka ghafla. Kulikuwa na baba mmoja mbeba magunia, ana mikono hivi, amempakata binti yake. Mtoto akamchomoka, akaenda kugonga dari. Mimi ndiye niliyemwokota. Alikuwa na kiatu kimoja mguuni, cha pili sikukiona mpaka leo." Akakiweka kile kiti mbele yangu. "Mikono haishiki, kaka. Upendo unao, nguvu unazo, lakini ndege ikishuka vile mikono haishiki. Niliacha kazi siku ile. Na huyu wangu ataruka akiwa amefungwa kwenye hiki kiti, au haruki."

"Si uende kwa gari?"

"Kwa daraja lipi?"

Hapo alinishika. Daraja la kwenda mji mkuu limeshazinduliwa mara nne, limebaki kujengwa tu. Na mumewe naye hakuwepo wa kumsaidia. Yuko jeshini, analinda mpaka wetu na nchi ambayo hatupakani nayo.

Basi nikamwonea huruma, nikavuta kibodi nimwandikie fomu.

Na hapa lazima niseme habari ya kibodi yangu, kwa sababu baadaye tume ilisema mengi ila hili halikulisema. Ile batani ndefu ya chini, ya kuweka nafasi kati ya neno na neno, ilikuwa mbovu. Ukiibonyeza upande wa kushoto inakubali. Ukiibonyeza kulia inagoma. Nilishaandika barua kuomba kibodi mpya, miaka mitatu, na jibu pekee nililopata lilisema: "Ombi lako la nafasi limepokelewa. Nafasi zikitokea utaarifiwa."

Penye kisanduku cha "Aina ya abiria" nikaandika: mtoto, nafasi, mwenye, nafasi, kiti. Nafasi ya kwanza niliibonyeza kushoto. Ya pili, huku namtazama Faraji akila kamba ya kalamu yangu, niliibonyeza kulia. Mashine ikachapa, karatasi ikatoka kwenye printa iliyo ofisini kwa mkuu wa itifaki, Bwana Ndelekwa.

Dakika moja haikupita, nikasikia kishindo. Bwana Ndelekwa alikuwa ameanguka na kiti chake.

Karatasi ilisomeka: FARAJI KILINDO, MTOTO MWENYEKITI.

*

Kikao cha dharura kilifanyika chooni, mahali pekee uwanjani pasipo na picha ya Mwenyekiti wa Maisha ukutani. Tulikuwa wawili tu, Bwana Ndelekwa na mimi. Alikuwa ametota jasho mpaka tai inachuruzika.

"Kuna Mwenyekiti mwingine," alisema kwa sauti ya chini. "Yuko pale dirishani kwako. Anakula kamba."

"Naona, bwana mkuu."

"Fikiri na mimi, karani. Ama huyu ni mhaini, ama ameteuliwa kimyakimya na sisi huku mikoani ndio tumechelewa kuambiwa. Tukimkamata na kumbe ameteuliwa, tumekwisha. Tukimpokea kwa heshima na kumbe hajateuliwa, tutasema tulikuwa tunampeleleza kwa karibu. Si ndiyo?"

"Ndiyo, bwana mkuu."

"Au tupige simu Ikulu tuulize?"

Tukatazamana. Kupiga simu Ikulu kuuliza ni kukiri kwamba hujui, na kwetu asiyejua hustaafishwa. Nilifungua mdomo nimwambie habari ya batani. Nikamkumbuka karani aliyenitangulia pale dirishani. Yeye alikosea herufi moja tu katika salamu za sikukuu: badala ya kuandika Mwenyekiti wa Maisha "anaipenda nchi" akaandika "anaiponda nchi". Kilichomponza zaidi ni kwamba salamu zilibandikwa wiki mbili nchi nzima na hakuna msomaji aliyeona kosa. Hivi sasa analima mkonge gerezani. Nikafunga mdomo, nikavuta maji ya choo ili kikao kionekane kimeisha kwa kawaida.

*

Nusu saa baadaye uwanja haukutambulika. Zulia jekundu lilitandikwa kutoka dirishani kwangu hadi chumba cha wageni mashuhuri. Bendi ya polisi ikaja na nusu ya vyombo. Kinamama wa ngoma wakaletwa kwenye lori, wakaanza kuimba wimbo wa kumsifu mtu ambaye hawajaambiwa jina, na kusema kweli waliimba vizuri kuliko siku ambazo wanaambiwa.

Halafu akaingia Waziri wa Anga na Mambo Yaliyo Juu, Mheshimiwa Dakta Sifueli Makofi. Alikuwa mkoani petu kwa ziara ya kukagua mawingu. Udaktari wake ni wa kutunukiwa, na aliyemtunuku naye alitunukiwa. Alipiga magoti mbele ya Faraji, akafungua hotuba.

"Mheshimiwa Mwenyekiti! Tangu ulipozaliwa, nchi hii imepiga hatua ambazo haikuwahi kupiga tangu ilipoumbwa. Mimi binafsi nilikuona mapema. Wenzangu wakisema huyu ni mtoto, mimi nikasema, jamani, mtazameni vizuri!"

Faraji akamtazama vizuri. Akasema, "Ba."

"Mwenyekiti amesema ba!" Bwana Ndelekwa akapaza sauti.

"Barabara," akasema Waziri, akaandika. Msaidizi wake akanong'ona kwamba huenda ni bajeti. Ukazuka mzozo. Mwishowe wakaafikiana kwamba Mwenyekiti ametoa mwelekeo, na kamati itaundwa ya kulimalizia neno.

Katikati ya upuuzi huo Zawena alikuwa amesimama na kiti chake mkononi, anasubiri watu wazima wamalize. Alipopata upenyo akasema, "Mheshimiwa, samahani. Huyu ni mwanangu tu. Naomba nikafunge kiti chake ndani ya ndege. Kinawekwa dirishani, unapitisha mkanda wa ndege hapa nyuma, dakika tatu. Zaidi ya hapo sitaki kitu."

Waziri akainuka taratibu, uso umemwiva. "Mama. Kiti cha Mwenyekiti kifungwe na mwanamke, dirishani, mithili ya pazia?"

"Kifungwe na nani basi? Mradi kifungwe, na mtoto awe ndani yake."

"Mtoto ndani yake! Ameapishwa?"

Zawena akanitazama mimi. Mimi nikatazama zulia. Lilikuwa na doa la chai.

Uamuzi ulitolewa hapo hapo na nikaambiwa niuandike daftarini. Kwamba kiti cha bluu kivikwe kitambaa cheupe, kibebwe na askari wanne, kiwekwe safu ya mbele kabisa na kifungwe kwa mikanda miwili, wa kwake na wa kiti cha jirani. Kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Viti mtu yeyote haruhusiwi kukikalia kabla ya kiapo. Na kwamba hadi kiapo kitakapopangiwa tarehe, Mwenyekiti apakatwe na kiongozi mwenye cheo kikubwa kuliko wote waliopo. Waziri akaangaza kushoto, akaangaza kulia, akapata kwamba ni yeye. Akaketi, akatanua mapaja, akamwita mpigapicha.

Mnaelewa lakini? Kiti kifungwe, mtoto asifungwe. Niliuandika uamuzi huo kwa hati nzuri, nikaupigia mstari.

*

Ili msafara wa Waziri upate pa kukaa, abiria ishirini na watatu walishushwa na kuambiwa waipende nchi yao. Zawena alipewa safu ya mwisho jirani na choo, kwa kuwa mama wa Mwenyekiti hana cheo kinachotambulika. Mimi nilipakiwa kwa sababu ya daftari: kiti kikisafiri na daftari lake husafiri, na daftari likisafiri karani hulishika. Nikaketi safu ya pili, nyuma ya Waziri, nikafunga mkanda. Makarani hufunga mikanda.

Ndege ikapaa. Faraji alikuwa kwenye mapaja ya Waziri, anavuta nishani moja baada ya nyingine, na mpigapicha anapiga. Kila picha Waziri aliinua mkono mmoja kusalimia umma ambao haukuwemo. Pembeni yake, dirishani, kiti cha bluu kimekaa kitupu na kitambaa chake cheupe, kimefungwa mikanda miwili, kinaangalia nje.

Robo saa baadaye Zawena akaja mbele akishikilia migongo ya viti.

"Mheshimiwa, lile chini ni ziwa. Ziwa likiisha tuna dakika kumi na mbili."

"Za nini?"

"Za kufika milima ya Kirungu. Nimepita hapa miaka sita, nakuomba. Niruhusu nimfunge mtoto."

"Mama, tulia," akasema Waziri. "Milima imeshapewa taarifa ya ujio wetu."

Watu wakacheka na kupiga makofi. Naapa walipiga makofi.

Nikamwona Zawena anafikiri. Halafu akainama, akamfinya mwanawe paja, kidogo tu, na Faraji akaangua kilio huku amenyoosha mikono kwenye kile kiti, maana ndicho anachokifahamu.

"Haya," akasema Zawena, safari hii kwa sauti ya juu. "Mwenyekiti anadai kiti chake. Nani anamkatalia?"

Msaidizi wa Waziri akajikuna. Bwana Ndelekwa akawa mweupe. Kumkatalia Mwenyekiti kiti chake ni kosa la kunyongwa. Kumkalisha bila kiapo ni kosa la kunyongwa vilevile, ila kwa kamba nyingine. Waziri akafikiri kwa bidii, jambo ambalo lilionekana usoni kuwa ni geni kwake, kisha akatamka, "Basi aapishwe sasa hivi."

"Kinachukua muda gani?" akauliza Zawena.

"Vifungu arobaini na vitatu tu," akasema Bwana Ndelekwa, akitoa kitabu mfukoni.

Kiapo huliwa watu wakiwa wamesimama. Kwa hiyo wakasimama wote wa mbele, Waziri amemwinua Faraji kifuani, Bwana Ndelekwa mbele yake anasoma, na Zawena ameushika mkono wa kulia wa mtoto kuuinua juu. Mkono huo ulikuwa na biskuti. Ukatokea ubishi kama mtu anaweza kuapa akiwa na biskuti, wakakumbuka kwamba mawaziri wote waliapa wakiwa wanatafuna, wakaendelea.

"Kifungu cha kwanza. Mimi, nikiwa na akili timamu..."

"Fupisha, baba," Zawena akasema. "Nakuomba, fupisha."

"Kiapo hakifupishwi."

Kifungu cha tano. Cha tisa. Dirishani maji ya ziwa yakaisha, ikaanza nchi kavu. Zawena alikuwa anatazama nje kuliko anavyotazama kitabu, midomo inahesabu. Rubani akatangaza kila mtu aketi na kufunga mkanda, tunakaribia milima. Waziri akasema rubani naye ajifunze adabu, hapa kuna kiapo. Kifungu cha kumi na tisa.

Ndipo Zawena akageuka kwangu. Sura yake ilikuwa karibu sana na yangu.

"Kaka, waambie. Wewe ndiye uliyeandika, ile karatasi nimeiona. Waambie umeruka nafasi. Waambie ni mtoto mwenye kiti, basi, mtoto ana kiti chake. Neno moja tu, kaka yangu."

Waziri akanitazama. Bwana Ndelekwa akanitazama. Nikawaza mkonge, jinsi unavyochoma vidole.

Nikafungua daftari, nikajifanya natafuta ukurasa.

Zawena hakusubiri zaidi. Sijawahi kuona mtu amechukia vile bila kupiga kelele. Akamnyang'anya Waziri mtoto kwa mkupuo mmoja, na haikuwa kazi, maana Waziri alikuwa amemshika kwa mkono wa picha tu. Akakivua kiti kile kitambaa cheupe, akakitupa. Watu wakapiga ukelele, "Anakalisha! Anakalisha kabla ya kiapo!" Akamtumbukiza mtoto kitini, mkanda wa bega hili, mkanda wa bega lile, vidole vyake vinajua njia. Nikasikia klak.

Halafu ndege ikaanguka chini ya miguu yetu.

Wanasema zilikuwa sekunde tatu. Waziri alimwangukia Bwana Ndelekwa, ambaye ni laini. Kitabu cha kiapo kilipaa. Mimi nilining'inia kwenye mkanda wangu, nina daftari. Na Zawena, aliyesimama ujiani bila kitu cha kumshika, alikwenda juu akagonga dari kwa shingo na mabega, akarudi akaangukia mgongo wa kiti changu, halafu sakafuni.

Faraji hakusogea hata inchi. Alipoteza biskuti. Alilia kwa ajili ya biskuti.

*

Tulipotua mji mkuu, mtu wa kwanza kuingia ndegeni aliuliza, "Kiti kiko salama?"

"Kiko salama!" wakajibu wote, na bendi ya huko, ambayo ina vyombo vyote, ikaanza kupiga. Machela ya kumchukua Zawena ilisubiri chini dakika arobaini, kwa sababu haiwezi kupita juu ya zulia kabla Mwenyekiti hajapita, na Mwenyekiti hangeweza kupita mpaka hotuba ziishe. Alilala pale ujiani ameniangalia viatu. Nilitaka kumwambia pole. Sikumwambia.

Habari zikafika Ikulu. Mwenyekiti wa Maisha akauliza, "Huyu nilimteua lini?" Wasaidizi wakaanza kupekua mafaili. Mzee akawaona wanavyopekua, akaelewa kwamba akisema hajui, itakuwa kuna jambo limetokea nchini bila yeye, na jambo kama hilo halijatokea tangu alipozima redio za watu. Akakohoa. "Ah, yule. Nilimteua. Nilikuwa nangoja nione mtachukua muda gani kugundua." Wakapiga makofi mpaka glasi zikatikisika.

Tume ikaundwa. Iligundua kwamba kiti hakikupata mkwaruzo, na mtoto aliyefungwa ndani yake hakupata mkwaruzo, wakati watu tisa waliokuwa nje ya kiti waliumia. Binadamu wa kawaida angesoma hapo akasema, basi watoto wote wafungwe kwenye viti. Lakini binadamu wa kawaida hawekwi kwenye tume. Tume ikahitimisha kwamba kiti kile kina nguvu kubwa ya kuokoa maisha, na kwamba nguvu kubwa namna hiyo ni hatari kuiacha mikononi mwa raia. Bunge likapitisha sheria kwa ndiyo tupu: viti vya watoto ndegeni ni kwa ajili ya Wenyeviti Watoto walioteuliwa. Watoto wengine wote wataendelea kupakatwa, kizalendo. Waziri Makofi akatunukiwa nishani ya kumshika Mwenyekiti hadi dakika ya mwisho.

Nilikwenda hospitali kumwona Zawena kabla ya kurudi kwangu. Polisi alikuwa mlangoni anamsomea mashtaka: kumkalisha kiongozi bila kiapo, kuvua kiti nguo hadharani. Adhabu, marufuku kupanda ndege maisha yake yote. Alikuwa na plasta shingoni, na mikono miwili imelazwa juu ya shuka mahali walipoiweka wauguzi. Bibi yake Faraji alikuwa amekaa kando, amempakata mjukuu. Mtoto akawa anajinyonganyonga, anamnyooshea mama yake mikono abebwe.

Zawena akamwangalia mwanawe. Akaiangalia mikono yake juu ya shuka. Vidole havikutikisika.

"Nilikwambia mikono haishiki, kaka," akasema. "Yangu ndiyo haishiki tena kabisa."

Mimi ndiye niliyelia. Yeye hakulia, alinitazama tu, na nilipomaliza akasema polepole, "Ilikuwa nafasi moja tu."

*

Nimerudi dirishani kwangu. Mwezi uliofuata, jamani, kibodi mpya ikaletwa, ndani ya boksi, na barua: "Nafasi imepatikana." Nikaitia kwenye droo, nikafunga kwa ufunguo.

Wiki ile ile akaja mama mwenye mapacha na viti viwili, hajasikia sheria mpya. Kazi yangu kisheria ni kumnyang'anya. Nikamuuliza, "Watoto wana viti?" "Wanavyo, baba." Nikaandika: mtoto, nikabonyeza kushoto, mwenye, nikabonyeza kulia, kiti. Mara mbili. Bwana Ndelekwa, na nyonga yake iliyopata ufa, akaja akipiga magoti kwa shida. Siku hizi kiapo kinaliwa hapa chini kabla ya kupanda, kwa pendekezo langu la maandishi, na vifungu vyote arobaini na vitatu vimefupishwa kuwa tamko moja la mwelekeo, yaani "Ba". Wasioweza kusema "Ba" wanaruhusiwa kutema mate. Hadi leo nchi yetu ina Wenyeviti Watoto mia tatu na tisa, wote wamevuka Kirungu wamefungwa barabara, na Ikulu kila wiki inathibitisha kwamba iliwateua yenyewe.

Jana Faraji alisafiri tena. Mama yake, ambaye hospitali ilimrudisha huku kwa ndege kama mzigo kwa kuwa mzigo haujapigwa marufuku, hawezi kumnyanyua, hawezi kumlisha, hawezi kumvua nguo, kwa hiyo anakwenda kulelewa na bibi yake mji mkuu. Waziri Makofi alikuja mwenyewe kumsindikiza Mwenyekiti, nishani mpya kifuani. Alisimama dirishani kwangu, akaona ninavyohangaika na batani.

"Karani, hii kibodi mbovu mbona hubadilishi?"

"Mheshimiwa," nikasema, "hakuna nafasi."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema hilo ndilo tatizo la nchi nzima. Kisha akainama mpaka kipara chake kikagusa zulia, Faraji apite amebebwa na bibi yake, na kiti chao cha bluu nyuma.

Nje ya kioo, kwenye uzio ambako marufuku yake inaishia, Zawena alikuwa amesimama. Kupunga mkono hawezi. Aliinua kidevu, mara moja. Sijui kama alikuwa anamuaga mwanawe au ananisalimu mimi, na sikuthubutu kuitikia. Niligeuka nikaendelea na kazi. Kwenye foleni kulikuwa na kinamama kumi na mmoja, kila mmoja na kiti chake.